Barua za askari wa 1863 zinakatika kwenye mikunjo, tufanyeje?

MamaNeema: Wakuu, heshima kwenu. Ukoo wa mume wangu, Wamarekani weusi, una barua za babu yao aliyepigania upande wa Kaskazini kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Wino umekuwa kahawia, mikunjo inakatika. Shemeji anataka kuzipiga lamineshini na kutupa bahasha, eti hazina hata stempu. Kikosi chake hatukijui.

FundiKaratasi: Dada, mzuie shemeji leo hii. Lamineshini ni joto na plastiki isiyobanduka tena. Wino huo ni wa chuma, una tindikali inayokula karatasi, ndiyo maana penye mistari minene hutoboka kwanza. Maji na mvuke huisambaza tindikali. Selotepu ni mwiko, gundi yake hupenya na kuacha doa la njano. Barua inayogoma kukunjuka mwachie mtaalamu.

Kila barua iwe na folda yake isiyo na tindikali. Mfuko wa poliesta (plastiki angavu) unafaa barua ya wino, ila ya penseli hapana: umeme tuli hung'oa maandishi. Weka chumbani kwenye nyuzi 18 hadi 21, unyevu asilimia 30 hadi 50, siyo darini. Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), faili la picha la TIFF, mbele na nyuma.

Mihuri1861: Bahasha ndiyo mali yenyewe! Kuanzia Julai 1861 askari wa Kaskazini aliruhusiwa kutuma barua bila stempu, mpokeaji akalipa senti 3. Ofisa, mara nyingi meja au kasisi, alisaini juu na kutaja kikosi. Soma pembe zote. Muhuri wa posta mara nyingi hauna mwaka, kwa hiyo usitenganishe bahasha na barua yake.

MamaNeema: Tumeiona namba ya rejimenti! Ila barua mbili zina mwandiko tofauti kabisa. Za kughushi?

Mihuri1861: Si lazima. Waliotoka utumwani wengi walikuwa wamenyimwa kusoma, wakaandikiwa na wenzao au kasisi. Isiyo na tarehe, tazama kama analalamikia mshahara: weusi walipewa dola 10 kwa mwezi, zikakatwa 3 za nguo, wazungu 13. Bunge lilisawazisha Juni 1864, kwa hiyo huenda iliandikwa kabla ya hapo.

FundiKaratasi: Kama alifia vitani au mkewe alidai pensheni, ombeni faili la mjane Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Wajane walikuwa wakiambatanisha barua kuthibitisha ndoa, na hazikurudishwa. Tafuteni kwa tahajia zote za jina, makarani waliandika walivyosikia.