Ukomo wa ubunge: je, bado tuudai?

Mwanakata
Ndugu zangu, Rais wetu ana ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano, na tumewaona Mwinyi, Mkapa na Kikwete wakikabidhi ofisi muda wao ulipokwisha. Mbunge hana ukomo wowote, na wapo walioingia bungeni mwaka 1995 wakalishika jimbo lilelile kwa zaidi ya miaka 20. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilitaka mbunge asizidishe vipindi vitatu, tena wapigakura wawe na haki ya kumwondoa kabla ya muda wake. Je, hoja hiyo inaweza kufufuliwa?

Mjumbe Mstaafu
Tukumbuke kwanza ilifia wapi. Ndani ya Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, wajumbe wa makundi ya kijamii walikuwa 201, na wengi wa waliobaki walikuwa wabunge na wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar wenyewe. Katiba Inayopendekezwa, yaani ile iliyopitishwa na Bunge hilo, ilipotoka, ukomo ule haukuwamo, wala haki ya kumwondoa mbunge. Kesi ya nyani ilipelekwa kwa ngedere. Tukirudia utaratibu uleule tutapata jibu lilelile.

Binti wa Pwani
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila naona ukomo peke yake hautoshi, kwa kuwa anayeondoka atarithiwa na yule ambaye chama kimempitisha. Ibara ya 67 ya Katiba bado inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, ingawa Mahakama ya Afrika, iliyopo hapahapa Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 katika shauri la Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mimi ningeanzia hapo, kisha nigeukie Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za umma za kuchochea maendeleo ya jimbo, ambao kwa sheria ya mwaka 2009 mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge mwenyewe: mpinzani wake anaingia kwenye kampeni mikono mitupu.

Mjumbe Mstaafu
Marahaba, binti yangu. La mfuko umelisema vizuri. Kijijini kwetu kuna darasa lililoezekwa kwa fedha hizo, na watu wazima kabisa huliita "darasa la mheshimiwa", utadhani alitoa mabati nyumbani kwake. Niliposimama kwenye mkutano wa kijiji nikauliza fedha ile ilikuwa kiasi gani, mwenyekiti aliita ajenda inayofuata.