Naomba ushauri: mitetea wamepunguza mayai tangu jirani aanze ujenzi

Habari zenu wafugaji wenzangu. Nipo Buhongwa, Mwanza, nina mitetea 40 wa kienyeji na majogoo 4, natotolesha na kuuza vifaranga. Wiki tatu zilizopita jirani alianza kujenga. Grenda na nyundo kutwa nzima nyuma ya banda. Nilikuwa naokota mayai 22 hadi 25 kwa siku, sasa 9 au 10. Mengine yana ganda laini, ukiligusa linabonyea kama ngozi. Mitetea wanarundikana kona moja, midomo wazi.

Chanjo ya kideri walipata, dawa ya minyoo nimewapa, chakula ni kilekile. Vitamini siku tano, hakuna badiliko. Afisa mifugo mmoja kaniambia ni msongo: homoni ya kotikosteroni ikipanda, homoni za uzazi hushuka, kinga hupungua, na kiasi fulani huingia hadi kwenye kiini cha yai. Hilo la mwisho linaninyima usingizi, maana wateja wangu wananiamini.

Je, mayai ya kipindi hiki niyaweke kwenye mashine au nisitotoleshe kabisa kwanza? Na nikiwahamishia Kisesa kwa shangazi, si nitawaongezea msongo juu ya msongo? Ujenzi bado una mwezi mzima.