FIBA na madirisha yao ya Novemba na Februari wanaua timu za taifa, hili litaisha lini?

Wakuu, leo nina hasira kwelikweli na hawa FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, na sitapepesa macho. Tangu Novemba 2017 walipoanza huu utaratibu wa kufuzu Kombe la Dunia kwa madirisha, yaani vipindi vya siku chache tu vya mechi za timu za taifa, timu ya taifa imekuwa ni ya nani kapatikana. Novemba na Februari NBA, ligi ya Marekani, iko katikati ya msimu na haimwachii mtu, EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, nayo kwa miaka mingi imepanga mechi zake wiki hizohizo, sasa kocha anabaki na nani? Anaokoteza waliopo, wanafanya mazoezi siku mbili tatu, wanacheza, wanapanda ndege, wanacheza tena, kila mtu anarudi klabuni kwake. Halafu ndo eti hiyo inaamua nani aende Kombe la Dunia!

Chukueni Slovenia. Septemba 2017 wanabeba EuroBasket, ubingwa wa Ulaya wa timu za taifa, pale Istanbul bila kufungwa hata mechi moja, fainali wanampiga Serbia 93-85. Miezi miwili baadaye madirisha yanaanza, na Kombe la Dunia la China 2019 hawakutia mguu. Bingwa wa Ulaya huyo! Najua nyota wao Dragić alishastaafu timu ya taifa, sawa, lakini nyota mwingine, Dončić, alikuwa Real Madrid, na Real Madrid iko EuroLeague, mnajua maana yake. Sasa njooni 2021, mchujo wa Olimpiki unachezwa kiangazi kule Kaunas, Dončić yupo, wanamtoa Lithuania nyumbani kwake, wanaenda Tokyo wanafika nusu fainali na Ufaransa anawatoa kwa pointi moja tu, 90-89. Kiangazi mchezaji yuko huru anakuja, mbona hili halihitaji shahada kulielewa?

Na chanzo ni ugomvi wa wakubwa. Klabu kubwa za Ulaya zilijitenga na FIBA mwaka 2000, msimu ule tukaishia na mabingwa wawili wa Ulaya, Maccabi Tel Aviv huku na Kinder Bologna kule, na mpaka leo hawajamalizana. 2016 upande wa FIBA ukafikia kutishia kuzifungia timu za taifa EuroBasket kisa klabu za nchi hizo ziko upande wa wale waliojitenga. Mchezaji wa timu ya taifa anahusikaje hapo?? Kwenye soka tarehe za FIFA zikifika ligi kubwa zinasimama na klabu inamwachia mchezaji, kwisha habari.

Afrika ndo inaniuma zaidi. Wenzetu mabara mengine wanacheza nyumbani na ugenini, sisi tunakusanywa mji mmoja, mechi tatu siku tatu, mashabiki wa mwenyeji ndo wanaona, wengine wote mnaangalia kwenye simu. Sudan Kusini ya Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, imefuzu Kombe la Dunia 2023 haijacheza hata mechi moja kwao. Hata moja! Vijana wamekuja kufungwa na Marekani kwa pointi moja tu kwenye mechi ya kirafiki London 2024, 101-100, lakini mtoto wa Juba hajawahi kuwaona wakipigania kufuzu mbele ya macho yake.

Ninachotaka ni kitu kimoja, mechi za kufuzu zote ziende Julai na Agosti. Na asije mtu hapa kuniambia kalenda imejaa, waliojaza kalenda ni haohao FIBA na klabu, wakae wapunguze mashindano yao.