Naombeni ushauri, mume wangu amekataa kushika maiki tena

Msiri wa Rau:
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri wa kweli, matusi sitaki, nimechoka. Mume wangu ni mshereheshaji hapa Moshi: sendofu (sherehe ya kumuaga binti), harusi, ubatizo. Si mtu wa kubahatisha. Kila sherehe ina daftari lake, majina ya ndugu anayaandika kwa wino mwekundu, na jina linalomtatiza anapiga simu kuuliza linatamkwaje. Kabla ya sendofu hii alikaa na kamati, akapitia orodha na katibu jina kwa jina. Pamoja na yote hayo, siku yenyewe akakosea jina mbele ya ukumbi mzima. Tangu hapo hataki kazi. Harusi ya mwezi ujao ameshawarudishia watu advansi yao. Nifanyeje arudi kazini?

Kaka wa Njoro:
Pole shemeji. Yaani jina tu ndiyo arudishe hela za watu? Kwetu emsii alimwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bibi harusi, tukacheka, ndafu ikaingia, tukala. Mwambie aendelee na maisha.

Mama Pacha:
Afadhali jina. Harusi ya mdogo wangu chakula kilishushwa ukumbi wa jirani. Kulikuwa na sherehe mbili barabara moja, dereva akaona maturubai na magari yenye maua, akajua amefika. Sisi tunasubiri, wenzetu wanapakua pilau letu na kusifu mpishi. Tulikula saa tano usiku, mchemsho wa kuungaunga. Mama yangu mpaka leo haongei na yule mpishi, na kosa hata halikuwa lake.

Fundi Redio:
Dada, majina hukosewa kwa namna nyingi. Alilitamka vibaya au alimtaja asiyestahili?

Msiri wa Rau:
Alimtaja mtu ambaye hayupo.

Fundi Redio:
Hayupo ukumbini au hayupo duniani?

Msiri wa Rau:
Duniani.
Na hakumtaja tu, alimwita mbele. Baba mkubwa wa binti ndiye aliyepangwa kuwa msemaji wa upande wao, atambulishe ndugu. Akafariki michango ikiwa imeshakusanywa. Wakazika, wakakubaliana sendofu iendelee. Kwenye orodha ya ndugu walimtoa, na orodha hiyo ndiyo mume wangu aliyoihakiki. Ila kwenye ratiba, mstari wa utambulisho, jina likabaki. Wanakamati wote walikuwa msibani, kila mmoja akadhani mwenzake ameshamwambia emsii. Sisi msiba hatukuusikia.
Basi akamwita kwa heshima zote. Kimya. Akadhani mzee katoka nje, akasema, "Walio karibu na mlango mtuitie baba, tunamsubiri." Akampa DJ ishara, wimbo wa kumpokea ukapigwa. Mjane amekaa meza ya mbele.

Mama Pacha:
Yesu wangu.

Mwalimu Mstaafu:
Binti, pole sana. Mumeo si wa kwanza, na waliojiandaa kuliko yeye wameanguka. Mwaka 2015 kule Las Vegas, Steve Harvey, mshereheshaji maarufu wa Marekani, alimtangaza Miss Colombia kuwa Miss Universe, mrembo akavishwa taji, kumbe mshindi ni wa Ufilipino. Alirudi jukwaani mwenyewe dakika chache baadaye, akasema kosa ni langu, kadi akaionyesha kamera. Mashindano yaliyofuata, Januari 2017, yalifanyika Manila, nchini kwa yule aliyemnyima taji, na aliyeshika maiki ni yeye yule. Mwezi uliofuata tu, kwenye tuzo za filamu za Oscar, mwigizaji Warren Beatty akapewa bahasha isiyo yake. Kulikuwa na seti mbili za bahasha, moja kila upande wa jukwaa, kwa ajili ya usalama. Ile ya akiba ya tuzo iliyokwisha kutolewa ndiyo ikaingia mkononi mwake. Watu wa filamu ya La La Land walikuwa wameshaanza kushukuru, na mmoja wao ndiye aliyechukua maiki akasema washindi ni filamu ya Moonlight. Tazama vizuri: kilichowekwa kuzuia kosa ndicho kilicholeta kosa. Kwenu ni hivyo hivyo, karatasi mbili, moja ikasahihishwa, ya pili ikasahaulika.

Kaka wa Njoro:
Mwalimu, Steve Harvey hakumwita marehemu kwa wimbo.

Ndafu Mbili:
Samahanini wakuu, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa leo. Pili, nimekaa kwenye kamati nyingi kuliko umri wa huyu dada. Sherehe ya Kichagga msemaji wa familia humfuata emsii kabla ya kuanza, wanaelewana nani anaitwa lini. Emsii hawezi kumwita mtu ambaye hajamwona kwa macho. Huyu anatunga, kesho atatuletea namba ya kuchangia.

Mtoto wa Pasua:
Si chai. Binamu yangu alikuwepo, video ninayo. Niiweke?

Msiri wa Rau:
Nakuomba kaka usiiweke. Tafadhali sana. Yule mama ana watoto wanaosoma humu.
Ndafu Mbili, akaunti ni ya leo kwa sababu ile nyingine mume wangu anaijua. Hilo la msemaji ni kweli kabisa, huwa wanaonana. Siku hiyo binti alichelewa saluni, wakaingia ukumbini saa tatu badala ya saa moja, na ukumbi unafungwa saa sita. Msemaji mpya, mdogo wa marehemu, alikuwa nje anapanga msafara. Kila kitu kilikwenda mbio. Sijaomba mchango na sitaomba.

Ndafu Mbili:
Sawa. Kuchelewa saluni nakubali, hapo umesema kweli tupu.

Mtumishi Mnyenyekevu:
Pombe na sherehe za kufuru ndizo zinaleta haya. Mume amrudie Mungu.

Bibi wa Uru:
Mume hajasemwa kanywa, mtumishi. Msiri mwanangu, nimesoma yote. Umetaja daftari, kamati, ratiba, saluni. Mjane umemtaja mstari mmoja. Alisema nini?

Msiri wa Rau:
Shikamoo bibi. Mume wangu hakuweza kumsogelea siku ile. Alimwomba radhi kupitia mwenyekiti wa kamati.

Bibi wa Uru:
Marahaba. Sijauliza mumeo alifanya nini. Nimeuliza mama huyo amesema nini tangu siku hiyo.

Msiri wa Rau:
Alipiga simu. Nilipokea mimi, mume wangu alikuwa anaoga. Akajitambulisha, akasema, "Mwambie aje nyumbani Machame." Basi, hakuongeza neno. Nikamjibu amesafiri kwenda Dodoma. Kisha nikafuta namba kwenye orodha ya simu zilizoingia.
Najua mtanisema. Ila nyie hamjamwona huyu mtu usiku. Anaamka, anawasha taa, anafungua ratiba ile ile na kuusoma mstari ule ule. Nikimpeleka akatukanwe mbele ya ukoo, ndiyo basi tena. Mpango wangu ni arekodi video fupi ya kuomba radhi, tuitume kwenye kundi la familia yao, yaishe. Maneno nimeshamwandikia.

Kaka wa Njoro:
Shemeji!! Na hiyo ndiyo ulikuwa unaificha?

Mwalimu Mstaafu:
Video hapana. Steve Harvey mwenyewe usiku ule alikimbilia kuandika radhi mtandaoni, akakosea namna ya kuandika Colombia na Ufilipino. Radhi ya haraka nayo ikahitaji radhi.

Mama Pacha:
Mimi namwelewa. Ningekuwa yeye ningeficha simu vilevile. Mume ni wako, mjane si wako.

Bibi wa Uru:
Mama Pacha, usimpotoshe mwenzio. Msiri, nisikilize. Mama wa Kichagga aliyekasirika hapigi simu mwenyewe, anamtuma shemeji yake au mzee wa ukoo. Huyu amepiga kwa mkono wake na kusema njoo nyumbani. Anachotaka hukijui, mimi pia sikijui. Lakini ameita mtu, na wewe umemjibu Dodoma. Sasa mumeo ana deni jingine asilolijua. Mpe habari leo, kabla hajaisikia kwa mwenyekiti. Namba si kamati wanayo? Mwende wote wawili, mshike isale, lile jani letu Wachagga la kuombea radhi. Anayekuja na isale hafukuzwi mlangoni. Na asijieleze habari za ratiba mpaka aulizwe.

Msiri wa Rau:
Na akikataa kwenda?

Bibi wa Uru:
Atakataa yeye. Sasa hivi umemkatalia wewe.

Fundi Redio:
Bibi amemaliza. Ile advansi mliyorudisha nayo, wapigieni kabla hawajapata emsii mwingine.

Msiri wa Rau:
Nimemwambia. Amenikasirikia sana, sijawahi kumwona hivyo. Kisha akaniuliza ni saa ngapi mama alipiga, na sauti yake ilikuwaje. Namba tumeipata kwa katibu. Amepiga mwenyewe. Jumamosi saa nne tunatakiwa Machame, mama kasema tusile kabla ya kwenda.
Bibi, isale nitalipata wapi huku mjini? Kiboriloni sokoni wanauza?

Bibi wa Uru:
Sokoni ufuate nini? Masale yako kila mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani. Pitia kwa mama yako ukate moja lililonyooka, lisiwe limekauka ncha.

Kaka wa Njoro:
Na sukari kilo mbili.