Riwaya ya Nagona imenishinda, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Tangu nimalize shule sikuwahi kushika riwaya kwa raha zangu, hadi mwezi uliopita shemeji aliponiachia Vuta n'Kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nikawa naisoma kwenye daladala, na mara mbili nimepitishwa kituo. Yule Yasmin, binti wa Kihindi anaozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kumzaa, anatoroka, ndugu wanamkataa, anaangukia kwa shoga yake Mwajuma. Halafu anaingia Denge na siasa zake za kumpinga Mwingereza, basi usingizi hauji. Mapenzi na siasa humo wala huoni vilipoungwa. Na kile Kiswahili cha Unguja, utadhani unasimuliwa barazani.

Kwa ule moto nikanunua Nagona ya Kezilahabi (1990). Kijitabu chembamba, nikasema hiki ni cha jioni moja. Wapi! Wiki ya tatu hii, kila nikifika katikati narudi mwanzo. Sijui nani ni nani, sijui tupo ndotoni au macho. Ajabu ni kwamba Rosa Mistika ni ya mtu huyohuyo na niliielewa bila shida.

Waliowahi kuimaliza, mliisomaje? Nikomae nayo, au niiweke kando nihamie Kuli ya Shafi? Peponi, ile tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, nayo naiona dukani ila naogopa kupigwa tena. Hela yenyewe ni ya kitabu kimoja tu mwezi huu.