Tupeane uzoefu: ulivyowekwa timu A au timu B kwenye soka la vijana Kigoma

Mwana wa Buzebazeba
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita Mwanga kwenye uwanja mmoja wa mchangani nikakuta watoto wamejazana kwenye shina la mwembe. Kumbe kocha kabandika karatasi ya daftari. Kushoto kaandika A, majina kumi na nane yamepangwa vizuri. Kulia kaandika B, majina thelathini na kitu yamebanana mpaka pembeni. Katoto kamoja, hakazidi miaka kumi na miwili, kalikuwa kanapitisha kidole kwenye majina ya A toka juu mpaka chini, kanarudi juu, kanaanza upya. Mara tatu. Upande wa B hakakugusa kabisa. Mwishowe kakavua bipsi, ile fulana ya mazoezi ya kutofautisha timu, kakaikunja, kakaiweka juu ya gunia la mipira, kakaondoka bila kuaga wenzake.

Nimefika nyumbani chakula hakipiti. Mimi nilikuwa B miaka minne pale Ujiji. A walikuwa na kocha, mipira mitano na koni. Sisi tulipewa mpira mmoja uliochubuka ngozi na kaka mmoja wa timu ya wakubwa wa kutusimamia, naye akipigiwa simu anaondoka. Sasa mtu atatokaje B kwenda A kama hakuna anayemwangalia?

Naomba tupeane uzoefu. Ulichaguliwaje, uliachwaje? Na makocha mliomo humu mtuambie mnatazama nini.

Gungu Juu
Mwili. Hakuna kingine.

Beki Tatu Mstaafu
Umenikumbusha mbali ndugu yangu. Sisi tulipangwa mstari mmoja kwa urefu, mfupi mbele mrefu nyuma, kama paredi ya shule. Kocha akapita, alipofika katikati akashusha mkono: "Kuanzia hapa kurudi nyuma, A." Mpira haukuguswa siku hiyo. Mimi nilisimama mtu wa tatu mbele ya mkono wake. Mpaka leo naweza kukuonyesha pale nilipokuwa nimesimama.

Mama Pacha
Mimi nina pacha wa kiume. Wamezaliwa usiku mmoja, wanakula sufuria moja. Mwaka jana mmoja kawekwa A, mwingine B. Nikamfuata kocha, nikamuuliza kwa adabu kabisa, mwalimu, umeona nini kwa huyu ambacho huyu hana? Akanijibu, "Huyu anaongea uwanjani, yule kimya." Basi. Ada nalipa ileile kwa wote wawili, ila wa A anarudi kachoka na wa B anarudi na nguo safi. Wiki ya tatu nikakuta njumu za wa B zimefichwa nyuma ya pipa la maji. Hakusema neno. Na wa A naye akaanza kusingizia tumbo ili asimwache mwenzake. Naomba ushauri, nihamishe wote au niache?

Gungu Juu
Mama Pacha hamisha wote.

Lumumba Road
Usihamishe mama. Ukihama kila unapoudhika mtoto atajifunza kuhama. Mpeleke wa B kwenye chandimu na wakubwa zake mtaani, akikaa miezi sita anacheza na wenye nguvu atarudi mwingine.

Mgebuka Mbichi
Na alishwe. Ugali wa muhogo na migebuka, mawese kidogo. Mtoto akijaa kocha atamwona.

Kocha wa Jioni
Nawasalimu wote, Mama Pacha pole sana. Mimi nafundisha vijana hapa mjini, huu mwaka wa tisa, kituo sitakitaja. Niseme hali ilivyo kwa upande wetu.

Ukitangaza majaribio wanakuja watoto themanini. Makocha wawili, jioni mbili, jua linazama. Kwa muda huo jicho linamkamata nani? Anayekimbia, mwenye kifua, anayeita mpira kwa sauti. Mtulivu aliyepiga pasi moja ya akili kapita mbele yako hukumwona, ulikuwa unaandika jina la mwingine.

Halafu kuna mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya umri yanahesabu kuanzia tarehe 1 Januari. Wa Januari na wa Desemba mwaka uleule wanapimwa pamoja, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, miezi kumi na moja ni mwili mwingine kabisa. Ulaya wamelichunguza sana hili, na akademi zao zimejaa watoto wa miezi ya mwanzo. Niliposikia nikafungua daftari langu. A yangu ya chini ya miaka 13 ilikuwa na watoto kumi na sita, na kumi na mmoja walizaliwa kabla Juni haijaisha. Niliumia, maana nilikuwa naliamini jicho langu.

Siku hizi majaribio kwangu ni wiki tatu. Nawachezesha watano kwa watano, viwanja vidogo, bipsi zinabadilishwa kila dakika kumi ili kila mtoto acheze na kila mtoto. Na kila mwisho wa mwezi wawili wanapanda, wawili wanashuka. Wazazi wa wanaoshuka wananipigia simu usiku, maneno ninayoambiwa siwezi kuyaandika hapa.

Lumumba Road
Kocha umeongea vizuri ila bahasha hujaigusa. Mtoto wa mwenye duka anayetoa jezi umewahi kumshusha B?

Kocha wa Jioni
Nimewahi mara moja. Jezi zikaondoka naye. Tulicheza mashindano yale na fulana nyeupe, namba tukaandika kwa kalamu ya wino mzito.

Lumumba Road
Hapo nakupa heshima yako.

Mtoto wa Isevya
Mimi niko Tabora, huku kwetu mambo hayo yamepungua. Vituo vingi wanachezesha wote. Kigoma mna ubabe kwenye soka la vijana, kubalini.

Gungu Juu
Tabora mna nini cha kutufundisha?

Mtoto wa Isevya
Timu yetu ilipanda Ligi Kuu 2023 moja kwa moja.

Mgebuka Mbichi
Na Mashujaa yetu ya Kigoma ilipanda mwaka huohuo kwa kumtoa Mbeya City kwenye mchujo, na inachezea hapahapa uwanja wa Lake Tanganyika. Yenu ililelewa kwingine ikahamia kwenu.

Mtoto wa Isevya
Imehamia ndiyo, ila inajaza uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Mwana wa Buzebazeba
Wakuu, tunaongelea watoto. Nawaomba.

Golikipa wa Kibirizi
Mimi nilishushwa B kwa kuambiwa kipa mfupi hafai. Nikamtajia kocha Juma Kaseja, mzaliwa wa huku huku Kigoma, si mrefu yule, na 2003 ndiye alikuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek kwa penalti kule Misri, Zamalek wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika. Kocha akaniambia Kaseja ni mmoja. Nikakaa B mpaka nikaacha mpira.

Binti wa Katubuka
Nyie mnalia kuwekwa B. Sisi wasichana B haipo. Wakishachagua kumi na nane, wengine wote mnaambiwa nendeni nyumbani mkasaidie mama. Nilikuwa wa kumi na tisa.

Namba Nane
Nimesoma toka mwanzo, nimeshindwa kunyamaza. Mimi nilikuwa A. Nisikilizeni jinsi A ilivyojazwa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Klabu yetu ilikuwa na mashindano ya chini ya miaka 15 na kiongozi mmoja alitaka kombe. Akaja nyumbani jioni na kilo mbili za sukari, wakazungumza na baba nje kwenye mkeka. Baba akaita, "Leteni cheti cha mdogo." Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko B ya klabu hiyohiyo. Cheti chake kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Alikwenda kukichukua yeye mwenyewe, akakifuta vumbi kwa shati lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alifurahi. Aliniambia, "Kaka, jina langu litacheza."

Nikasajiliwa kwa cheti chake na picha yangu. Mashindano yote niliitwa jina lake. Fainali nilifunga mawili, watu pembeni wakawa wanaimba jina lake, na yeye yuko katikati yao anaimba jina lake mwenyewe. Nilimwona. Vijeba, yaani tuliozidi umri, tulikuwa sita kwenye kikosi kile. Watoto sita wa umri halali walikuwa B, wametubebea maji.

Baada ya miaka miwili mdogo wangu akawa moto. Mguu wa kushoto ambao mimi sikuwahi kuwa nao. Kukawa na kombaini ya vijana, akachaguliwa bila bahasha wala sukari, kwa mpira wake. Siku ya kuhakiki fomu nilimsindikiza. Yule wa mezani akafungua faili, akatoa karatasi, akatazama picha, akamtazama dogo, akatazama picha tena. "Jina hili lina mtu. Huyu siyo wewe." Dogo akasema ndiyo mimi. Yule bwana akamwambia mbele ya foleni nzima, "Umeiba cheti cha mtu, kijeba wewe." Kijeba, mtoto wa miaka kumi na mitano asiye na hata kidevu cha kunyoa.

Dogo akageuka kunitazama. Nilikuwa nimeegemea ukuta, hatua kama tano. Wiki ile nilikuwa naitwa majaribio ya timu ya wakubwa. Nikisema ukweli nafungiwa. Sikusema. Nilitazama chini. Akachukua bahasha yake ya kaki, akatoka. Njiani toka uwanjani mpaka Mwandiga hatukuongea neno.

Majaribio yangu yenyewe sikupita.

Mama Pacha
Ee Mungu.

Beki Tatu Mstaafu
Nimesimamisha bodaboda pembeni nisome hii.

Lumumba Road
Namba Nane, ulimuua mdogo wako kimpira. Lazima uambiwe.

Binti wa Katubuka
Lumumba acha. Na yeye alikuwa mtoto. Baba alikuwepo, kiongozi alikuwepo, watu wazima na ndevu zao. Mbona hao hamuwasemi?

Lumumba Road
Miaka kumi na tisa siyo mtoto dada yangu. Pale ukutani alikuwa mtu mzima.

Namba Nane
Lumumba yuko sahihi. Dada nakushukuru, lakini yuko sahihi.

Kocha wa Jioni
Kaka, umefanya jambo kubwa kuandika. Hili la vijeba limetugharimu taifa zima. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, mwaka 2005 walishafuzu Mataifa ya Afrika ya vijana wakaenguliwa kwa sababu ya umri. Toka 2009 FIFA wanapima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, kuona kama mfupa umeshafunga, yaani umemaliza kukua. Lakini huku chini hakuna mashine, kuna cheti na macho tu. Mimi kila mtoto anayekuja na cheti namtaka aje na mzazi na daftari la shule, majina ya mwalimu wa darasa la kwanza naulizia.

Mtunza Fomu
Niliwahi kuwa katibu wa klabu ya vijana, niongezee jambo ambalo viongozi wetu hawalijui. Wanasajili A tu, B wanaachwa nje ya karatasi. Kanuni za FIFA zinahesabu malezi ya mchezaji toka mwaka anaotimiza miaka 12. Akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi kabla hajavuka mwaka wa kutimiza miaka 23, klabu zilizomlea zinastahili fidia ya mafunzo. Na akiuzwa nje akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea. Ila lazima awe alisajiliwa kwenu. Yule mtoto wa B mliyemwacha bila fomu akichanua akiwa na miaka kumi na minane, hamna pa kudai. Na aliyechezeshwa kwa jina la mwingine, hata historia yake yeye mwenyewe inapotea.

Golikipa wa Kibirizi
Namba Nane, mdogo wako yuko wapi sasa?

Namba Nane
Yuko huko huko kwenu Kibirizi. Anavua dagaa kwenye mtumbwi wa watu. Siku za mbalamwezi hawaingii ziwani, taa hazivuti dagaa, ndio anacheza ufukweni na vijana wa pale.

Golikipa wa Kibirizi
Mwembamba, anapiga kona kwa kushoto, hapendi kuvaa viatu?

Namba Nane
Ndiye.

Golikipa wa Kibirizi
Kaka, huyo ndiye anayefundisha watoto wetu. Hakuna aliyemwajiri. Siku hizo za mbalamwezi anawakusanya kuanzia saa kumi, kama arobaini hivi, anawagawa kwa kuhesabu moja mbili, moja mbili. Sijawahi kumsikia akisema A na B.

Namba Nane
Sikujua.

Mwana wa Buzebazeba
Golikipa, kuna katoto ka Mwanga nataka kukaleta. Nimeuliza leo kwa wenzake nikaelekezwa kwao, mama yake amekubali. Mbalamwezi inaanza lini?

Mama Pacha
Na wangu wawili. Ada kiasi gani?

Golikipa wa Kibirizi
Ada hakuna mama. Wiki ijayo kuanzia Jumatano. Waje na maji yao ya kunywa, njumu si lazima, ni mchanga.