Mjadala: James II alipinduliwa na Waingereza au alivamiwa na Waholanzi?

Mleta mada
Wakuu, kila 1688 ikitajwa tunaambiwa Waingereza walimwondoa James II, mfalme wao Mkatoliki, kupitia Bunge, tena bila damu. Nakataa. Bunge lenyewe James alilivunja tangu Julai 1687. Aliyemng'oa ni mkwewe, William wa Orange, aliyetoka Uholanzi na vyombo zaidi ya 400 na askari kama 15,000, akashuka Torbay, pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, tarehe 5 Novemba. Oktoba alijaribu, dhoruba ikamrudisha. Safari ya pili, upepo wa mashariki uliomsukuma yeye ndio huohuo uliozibana manowari za James karibu na mdomo wa mto Thames. Desemba, walinzi wa Whitehall, kasri la mfalme London, walikuwa Waholanzi, na vikosi vya Kiingereza vimeamriwa kutoka London. Huo ni uvamizi.

Jibu la 1
Mkuu, naomba nitofautiane nawe. Jeshi la James lilikuwa kubwa kuliko la William. Lilikaa Salisbury bila kupigana vita kuu, maana maofisa walimkimbia: John Churchill aliondoka usiku, akafuatwa na Prince George, mume wa Anne, binti wa mfalme mwenyewe. Na William aliitwa. Barua ya tarehe 30 Juni ilitiwa saini na watu saba, siku ileile maaskofu saba wa Anglikana walipoachiwa huru na mahakama. Kosa lao lilikuwa kumwomba mfalme asiwalazimishe kusomesha makanisani tangazo lake la uhuru wa dini. Watu walikuwa wakimvumilia kwa sababu mrithi alikuwa binti yake Mary, mke wa William, Mprotestanti. Mfalme alipopata mtoto wa kiume tarehe 10 Juni, akamtangulia Mary kwenye urithi, subira ikaisha.

Jibu la 2
Wote wawili mmeruka Muhuri Mkuu wa mfalme, na hapo ndipo penye kiini. Hati za kuitisha uchaguzi wa Bunge lazima zigongwe muhuri huo. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba, James alizichoma hati zilizokuwa tayari, akavuka Thames kwa mashua na kuutupa muhuri mtoni. Alijua anachofanya: bila muhuri hakuna Bunge halali. Wavuvi wa Kent wakamkamata karibu na Faversham, wakampekua wakidhani ni padri wa Kijesuiti anayetoroka. Akarudishwa London, kisha akapelekwa Rochester, ambako ulinzi ulilegezwa makusudi. Tarehe 23 akaenda zake Ufaransa.

Ndiyo maana kikao kilichokutana Januari 1689 hakikuitwa Bunge bali Konvensheni, kimeitishwa kwa barua za William. Makabwela (baraza la wawakilishi waliochaguliwa) wakasema mfalme "amejivua" ufalme, kiti ki wazi. Malodi (baraza la makabaila na maaskofu) wakataka neno "ametoroka", kwa kuwa mtoro hajaacha kiti wazi, na mrithi wake bado yupo. Walivutana mpaka tarehe 6 Februari, Malodi wakakubali. Uskoti haikuzunguka: ilitamka kwamba James amepoteza haki ya ufalme kwa makosa yake. Kwa hiyo mleta mada, nguvu ilitoka Uholanzi, lakini uhalali ulibidi utengenezwe hapohapo, neno kwa neno.

Jibu la 3
Mimi nina moja tu: hilo la "bila damu" tuliache. Ireland James alirudi kupigana, akashindwa Boyne mwezi Julai 1690, na mwaka uliofuata maelfu walikufa Aughrim katika siku moja. Waliobaki na kidonda hicho ni Wakatoliki wa huko, waliopokonywa ardhi na kufungiwa milango ya Bunge.